Siki na bekingi soda hapa Dodoma: sakafu inatakata au tunadanganyana?

#1 Mama Ilazo
Habari zenu wakuu. Naomba wenye uzoefu, siyo wa kunakili mitandaoni. Mwanangu wa pili ana pumu. Nikimwaga dawa ya choo au ya sakafu zile za dukani anaanza kukohoa, kwa hiyo nimehamia kwenye vitu vya jikoni. Mchanganyiko wangu ni ule unaozunguka kila mahali: siki nusu kikombe, bekingi soda vijiko viwili, sabuni ya mche iliyokunwa, maji moto lita moja na nusu, napigia deki. Sakafu ni ya vigae na nyumba ni mpya. Ikikauka unabaki utando mweupe, ukipita peku nyayo zinaonekana. Dada yangu yuko Moshi anatumia hichohicho na kwake vigae vinang'aa. Shida ni nini? Na hivi vitu vinaua vijidudu kweli, au nanukisha nyumba kachumbari tu?

#2 Kijana wa Nkuhungu
Kiti cha mbele. Ngoja waje wajuvi.

#3 Fundi Bomba
Ni maji, dada, usihangaike na kingine. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, bonde la Makutupora, visima vya Mzakwe. Wenye visima vyao majumbani ndio kabisa, mengine ukionja unajua. Yanapita kwenye miamba yanabeba kalsiamu na magnesi. Kazi yangu mimi ni kufungua shawa na hita zilizoziba, na ndani ya hita unakuta mawe meupe unayagonga kwa bisibisi. Huo utando wako ni hayohayo mawe, ila membamba. Dada yako wa Moshi anatumia maji ya chemchemi za mlimani, huwezi kujilinganisha naye.

#4 Zabibu Kavu
Watu wa Moshi hata utando wanatushinda jamani.

#5 Mkemia Mstaafu
Nimefundisha kemia miaka mingi, naomba niingie taratibu. Fundi #3 ameshika nusu.

Mama Ilazo, umeweka vitu vitatu ambavyo kila kimoja peke yake kinafaa, lakini ukiviweka ndoo moja vinauana. Siki ni asidi, ile ya dukani huwa ni asidi ya asetiki kama asilimia 5. Bekingi soda ni besi. Zikikutana zinafanya lile povu linalowafurahisha watu, kaboni dayoksaidi inatoroka, na kinachobaki ndoo ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu. Asidi imekwisha na soda imekwisha. Ukiwa na bahati kimoja kimezidi kingine kidogo, hicho ndicho kinachofanya kazi.

Sasa ongeza sabuni ya mche. Sabuni ile imetokana na mafuta yaliyochemshwa na kostiki. Ukiitia siki inakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, mafuta yanarudi kuwa mafuta. Chukua glasi ya maji ya sabuni ya mche, mimina siki, utaona madonge meupe yanaelea. Hayo unayapaka sakafuni kwako kila siku. Nadhani utando wako ni huo.

#6 Fundi Bomba
Mwalimu, na wale wasioweka siki kabisa, wanaopigia deki sabuni ya mche tupu, mbona nao wanalalamika utando? Nazunguka Kisasa, Ipagala, Chang'ombe, ni kilio kilekile.

#7 Mkemia Mstaafu
Kwa sababu sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu ya maji yako nayo inagandamana. Hapo tunakubaliana, maji yana mkono wake. Nilichokataa ni kusema maji peke yake.

#8 Tajiri Mtarajiwa
Mama Ilazo achana na hayo yote. Tengeneza sabuni ya maji mwenyewe nyumbani, ni salama, ya asili, na unapata lita 20 kwa hela ndogo. Mahitaji: salfoniki na sles za povu, soda ash, sii-emu-sii ya kuongeza uzito, gliserini, formalini kidogo isiharibike, rangi na manukato ya limau. Njoo PM nikupe fomula, nafundisha kwa ada nafuu.

#9 Binti Kondoa
Salfoniki ya asili inachumwa kwenye mti gani mkuu? Nataka kupanda mmoja uani.

#10 Mpika Mlenda
😂😂 Unachumwa jirani na mti wa formalini. Msimu wake ni mwaka mzima.

#11 Tajiri Mtarajiwa
Chekeni tu. Nimejifunza semina ya wajasiriamali, SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, walikuwepo, siyo kwamba nimeokota barabarani. Na sabuni yangu inatoa povu kwenye maji ya Dodoma, hiyo ya kwenu ya kukuna haitoi. Nani mshindi?

#12 Mwandamizi wa Mtumba
Pembeni kidogo: SIDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, mwaka uleule ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Kwa hiyo sabuni ya maji na sisi tuliohamishwa kutoka Dar ni ndugu. Endeleeni.

#13 Kijana wa Nkuhungu
Mzee wewe ulihamishwa lini? Wengine mlikuja 2017 na mpaka leo mnasema maji ya hapa yanakatisha nywele.

#14 Mwandamizi wa Mtumba
Yanakatisha. Nina ushahidi kichwani.

#15 Mkemia Mstaafu
Tajiri ana hoja moja ya kweli, msimfute. Salfoniki ikishatulizwa na soda inakuwa sabuni ya kisasa ambayo haigandamani ovyo na kalsiamu. Ndiyo maana inatoa povu kwenye maji ya chumvi na mche hautoi. Lakini kuitengenezea nyumbani hakuifanyi ya asili. Salfoniki ni asidi kali, ukipima vibaya soda ikapungua inachoma mikono. Na formalini ni maji ya formaldehaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kundi la 1, yaani vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Mtu mwenye mtoto wa pumu akoroge ndoo ya formalini jikoni? Hapana.

#16 Tajiri Mtarajiwa
Basi nitaondoa formalini. Ila ikioza msinilaumu.

#17 Bibi wa Mvumi
Mbukwenyi. Nasoma tu humu, mjukuu ndiye anayeandika. Sisi tulisafishia jivu. Jivu la mabua ya mtama au la kuni ngumu unalichekecha, unaloweka kwenye maji usiku, asubuhi unachuja. Maji yale yanateleza mkononi. Tulifulia nguo na kuoshea vyombo vya mafuta. Sufuria ya masizi unasugua na jivu lenyewe na mchanga kidogo, kwa dodoki. Magadi yale ya kupikia mlenda pia tulitia kwenye maji ya kufulia, uchafu ukitoka unauona. Kibuyu cha maziwa hatukukiosha na sabuni kabisa, kinaingizwa kaa la moto kinatikiswa. Hakuna aliyekohoa.

#18 Zabibu Kavu
Shikamoo bibi.

#19 Binti Kondoa
Shikamoo bibi. Jivu la mkaa wa dukani nalo linafaa au mpaka la kuni?

#20 Bibi wa Mvumi
Marahaba. La kuni. La mkaa halina nguvu, na mara nyingi lina udongo.

#21 Mkemia Mstaafu
Shikamoo mama. Mnaona, hapa ndipo wazee walitupita. Jivu la kuni lina kaboneti ya potasiamu, magadi yana kaboneti na bikaboneti za sodiamu. Ukitia kidogo kwenye maji magumu, kalsiamu inashuka chini ikiwa unga mweupe, maji yanalainika, halafu ndipo unatia sabuni. Yaani Ugogo walikuwa wanatibu maji kwanza, wakiyaacha yatulie, ndipo wafue. Sisi tunaanza na sabuni.

Tahadhari mbili. Maji ya jivu na ya magadi ni makali kwa ngozi, vaa glavu, na mtoto asifike. "Asili" haimaanishi hayachomi. La pili, usiyatumie kwenye sufuria za alumini, yanakula.

#22 Mpika Mlenda
Hapo kwenye sufuria umenigusa. Sufuria zangu zote za alumini ndani nyeusi tii, nilidhani ni moto wa kuni. Kumbe magadi ya mlenda?

#23 Mkemia Mstaafu
Magadi, na hata kuchemshia maji ya hapa muda mrefu tu. Huo weusi hauna madhara makubwa, ila kama unakuudhi chemsha maji humo na ukwaju.

#24 Mpika Mlenda
Ukwaju hasa? Siyo limau?

#25 Mama wa Sabasaba
Ukwaju, nathibitisha, nauza na natumia. Konzi moja kwenye sufuria, maji mpaka pale weusi unapoishia, chemsha robo saa, usugue na dodoki. Inatoka nyeupe. Limau inafanya pia lakini bei ya limau kiangazi unaijua. Ukwaju Dodoma si wa kutafuta. Vyombo vya shaba na yale mabirika ya njano, pakaza ukwaju uliolowekwa na chumvi kidogo, suuza haraka.

#26 Fundi Vigae
Nimechelewa lakini wote mmepotea njia. Mama Ilazo kasema nyumba ni MPYA. Mimi natandika vigae. Fundi akimaliza kujaza grauti kwenye maungio anatakiwa kufuta kigae chote kabla haijakauka, mara mbili tatu na sponji safi. Wengi wanafuta kwa kitambaa kimoja na ndoo moja ya maji yaleyale tangu asubuhi. Inabaki ngozi nyembamba ya sementi juu ya kigae chote. Ukipiga deki inalowa, huioni, ikikauka inarudi. Utapiga deki na maji ya Moshi mpaka uchoke. Siyo maji, siyo sabuni. Ni fundi.

#27 Fundi Bomba
Leo mafundi wanaumbuana hadharani 😂

#28 Fundi Vigae
Siumbui mtu. Nasema ninachokiona.

#29 Kijana wa Nkuhungu
Kwa hiyo mpaka sasa tuna washukiwa wanne: maji, sabuni kukatika, asetati ya mwalimu na fundi. Mleta mada achague.

#30 Mkemia Mstaafu
Msichague, mpime. Dondosha siki tupu juu ya utando mkavu, uiname uangalie. Ikitoa vipovu vidogo, ni chokaa au sementi. Isipotoa chochote na ukigusa panateleza, ni mafuta ya sabuni. Ila kama maji moto matupu yanaondoa yote, ilikuwa ni soda na chumvi zake tu, hata kama povu lilitoka, maana soda nayo inatoa povu kwa siki.

Angalizo kabla hamjakimbilia siki: kigae cha kung'aa hakidhuriki, lakini siki ukiimwaga kila siku inakula grauti kidogo kidogo. Na sakafu ya teraso au marumaru halisi ya jiwe usiiguse na siki, limau wala ukwaju. Mng'ao unakwenda na haurudi bila mashine.

#31 Nesi wa Makole
Habari. Nimeona hakuna aliyemgusa mtoto. Dada, kwanza hongera kwa kugundua kinachomchokoza. Lakini usidhani ukishahamia siki umemaliza. Mvuke wa siki kwenye chumba kilichofungwa unawachokoza baadhi ya wenye pumu. Mafuta ya karafuu, mchaichai na hayo manukato ya limau pia, hata kama ni ya asili kabisa. Kwa mwenye pumu, kisicho na harufu ndiyo bora.

Kingine: msitumie chupa za kupulizia. Kupuliza ndiko kunakoipeleka dawa hewani hadi kwenye mapafu. Mimina kwenye kitambaa, futa, basi.

Na kwa hapa kwetu mimi ningeanza na vumbi na mende kabla ya sabuni. Upepo wa kiangazi mnaujua. Ukifagia na fagio kavu unanyanyua vumbi lote, mtoto analivuta. Futa na kitambaa kibichi. Vinyesi na mabaki ya mende ni kichokozi kikubwa cha pumu, watu hawajui. Na asiache dawa zake aliyoandikiwa hospitali kwa sababu nyumba imebadilishwa sabuni.

#32 Mama Ilazo
Asante nesi. Mende wapo, siwezi kudanganya.

#33 Mtetezi wa Asili
Mwarobaini! Mji mzima umejaa mwarobaini na mnahangaika. Chemsha majani, poza, pigia deki: mende, mbu, bakteria, virusi, fangasi, vyote kwisha. Pia tengenezeni maji ya maganda: sukari sehemu 1, maganda ya matunda sehemu 3, maji sehemu 10, miezi mitatu kwenye chupa, unapata dawa ya kila kitu. Kampuni kubwa hazitaki mjue.

#34 Binti Kondoa
Kampuni kubwa zinaogopa maganda ya machungwa ya Binti Kondoa. Sawa.

#35 Nesi wa Makole
Mwarobaini una kazi kwa wadudu, hilo halina ubishi. Ule uchungu wake unavuruga kula na kukua kwa wadudu, na wakulima wanautumia. Lakini kwa mende waliokomaa kwenye nyufa za kabati usitegemee deki. Na kusema unaua virusi vyote sakafuni, hapo nakupinga. Mgonjwa wa kuhara akitapika nyumbani usiende uani kuchuma majani.

#36 Zabibu Kavu
Hayo maji ya maganda nilishayaona kwa jirani, alifunga chupa kabisa bila kuifungua. Tulisikia mlipuko tukadhani ni gesi ya jikoni. Dari ilibadilika rangi.

#37 Mtetezi wa Asili
Jirani hakufuata maelekezo. Mwezi wa kwanza unafungua kifuniko kila siku hewa itoke.

#38 Mkemia Mstaafu
Yakishakaa miezi mitatu yana asidi kidogo. Ni siki hafifu yenye safari ndefu. Siyo mabaya, ila msiyape sifa za dawa.

#39 Mkulima wa Mpunguzi
Mbona mnaongelea siki kana kwamba lazima itoke supamaketi? Soma lebo, nyingi zimeandikwa zimetengenezwa kwa asidi ya asetiki ya kiwandani iliyozimuliwa na maji. Sisi tuko kwenye nchi ya zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka na kila mavuno kuna zilizopasuka ambazo mnunuzi anazikataa. Ponda, acha ichachuke iwe mvinyo, halafu funika kwa kitambaa tu ipate hewa. Bakteria wa hewani wanageuza kilevi kuwa siki. Utaona utando mzito juu, huo usitupe, ndio mbegu ya siki nyingine. Mpunguzi na Hombolo watu wanamwaga zabibu hizo.

#40 Mwandamizi wa Mtumba
Mkuu na hatua ile ya katikati, ya mvinyo, inafika mpaka kwenye siki kweli au inaishia kwenye glasi?

#41 Mkulima wa Mpunguzi
Inategemea ni Ijumaa au la.

#42 Mama wa Sabasaba
Siki ya zabibu nyekundu ukisafishia sinki jeupe au grauti nyeupe inaacha alama ya zambarau. Tumia zabibu nyeupe, au iwe ya kuondolea ukoko wa birika tu.

#43 Mkemia Mstaafu
Na siki ya nyumbani hujui ukali wake. Kwa kachumbari haina neno. Kwa birika pia, maana ukiona ukoko haujaisha unarudia. Kwa ukoko lakini, kuna kitu rahisi zaidi: asidi ya sitriki, ule unga mweupe wanaotumia watengeneza juisi. Kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji, chemsha kwenye birika, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Hauna harufu kali ya siki, kwa hiyo hata mtoto wa pumu hapati shida.

#44 Fundi Bomba
Shawa ikiziba: mfuko wa plastiki, tia siki au huo unga ulioyeyushwa, funga na mpira kichwani mwa shawa, uache usiku kucha. Mnanikosesha kazi lakini sawa.

#45 Mpita Njia wa Manyoni
Kwani kuchanganya siki na ile ya kung'arishia nguo nyeupe kuna shida? Mama mwenye nyumba wangu huchanganya chooni ili "iwe na nguvu zaidi". Juzi alitoka mbio macho yanatoa machozi, hata kuongea hawezi.

#46 Nesi wa Makole
SHIDA KUBWA. Naomba kila anayesoma uzi huu asome hapa. Jik au dawa yoyote ya klorini usichanganye na siki, limau, ukwaju, wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usiimwage pia kwenye choo chenye mkojo mwingi uliokaa, kuna gesi nyingine kali inatoka. Ikishatokea, toka nje kwenye hewa, fungua madirisha ukiweza bila kurudi kuvuta, na akiendelea kubanwa kifua aende hospitali. Mwambie huyo mama aende hata kama anajisikia nafuu.

Na kwa swali la mwanzo la vijidudu: siki haitoshi kwa kipindupindu. Klorini ndiyo inayotumika. Kama lebo inasema asilimia 3.5, kikombe 1 cha Jik na vikombe 6 vya maji kinakupa asilimia 0.5, hiyo ni ya matapishi na kinyesi cha mgonjwa. Mtoto wa pumu awe nje, madirisha wazi. Siku za kawaida ambapo hakuna mgonjwa, sabuni na kusugua vinatosha kwa sakafu.

#47 Mpita Njia wa Manyoni
Asante sana. Namwonyesha sasa hivi.

#48 Mama wa Sabasaba
Nesi ongezea kuhusu chupa. Watu wanakuja sokoni kuchukua sabuni na dawa za kung'arishia kwenye chupa za soda. Mtoto akiiona mezani anajua ni soda.

#49 Nesi wa Makole
Umesema yote. Chupa za soda na maji ya kunywa zisitumike kabisa, hata kwa siki yenu ya zabibu. Na mtoto akinywa kostiki au magadi makali msimtapishe, msimpe maziwa kwa nguvu; beba na chupa yenyewe mwende kituoni.

#50 Mama Ilazo
Nimerudi na majibu. Nimefanya kipimo cha mwalimu. Sebuleni siki imetoa vipovu, vidogo lakini vipo. Jikoni haijatoa kitu, panateleza. Korido nusu kwa nusu. Sasa nani ameshinda?

#51 Fundi Vigae
Sebuleni ni grauti. Nimesema.

#52 Fundi Bomba
Sebuleni ni maji. Chokaa ya maji nayo inatoa povu, siyo sementi pekee. Sebuleni si ndiko unakopiga deki mara nyingi?

#53 Mama Ilazo
Kila siku. Jikoni pia.

#54 Fundi Vigae
Basi angalia chini ya kochi, mahali ambapo deki haijawahi kufika. Kama utando upo huko, ni grauti. Maji hayaendi chini ya kochi.

#55 Mkemia Mstaafu
Hicho ni kipimo kizuri kuliko changu, fundi.

#56 Mama Ilazo
Chini ya kochi upo, lakini mwepesi kuliko wa katikati ya chumba.

#57 Kijana wa Nkuhungu
😂😂😂 Wote wameshinda, hakuna aliyeshinda.

#58 Kaka wa Singida
Nimesoma mpaka hapa. Hakuna aliyetaja alizeti, na mko jirani na Kibaigwa! Sabuni ya kweli ya nyumbani ni ya mafuta ya alizeti. Kwa kilo 1 ya mafuta inahitajika kostiki gramu 135 hivi ili mafuta yote yaishe. Mimi natia 128 mafuta kidogo yabaki isikaushe mikono. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye kostiki. Chombo cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Alumini inatoa gesi inayowaka. Alizeti tupu inatoa mche laini, changanya na mawese au nazi. Uache wiki nne mpaka sita ndipo utumie. Harufu yake ni ndogo, mtoto hakohoi.

#59 Fundi Bomba
Na ikikutana na maji ya Mzakwe?

#60 Kaka wa Singida
Inagandamana kama mche mwingine wowote 😅 Singida maji yetu nayo si haba. Nafulia maji ya mvua niliyokinga, au ya magadi yaliyotulia, kama bibi wa #17.

#61 Mtetezi wa Asili
Tieni mbegu za mlonge zilizosagwa, zinatoa chumvi kwenye maji.

#62 Mkemia Mstaafu
Mlonge unatuliza tope, ndiyo kazi yake inayojulikana: protini za mbegu zinayashika matope yanazama. Maji ya mtoni au ya lambo yatang'aa. Ukihitaji kutoa chumvi iliyoyeyuka, mlonge siyo jibu.

#63 Zabibu Kavu
Tusubiri bwawa la Farkwa walilotuahidi lituletee maji mengine.

#64 Mwandamizi wa Mtumba
Nilikuta mnalisubiri. Nitastaafu mnalisubiri.

#65 Mama Ilazo
Kwa sasa nafanya hivi, mnirekebishe. Sebuleni nimefuta mara moja na maji ya sitriki nikasuuza, utando umepungua sana. Jikoni nimeondoa siki kwenye ndoo, nimetumia maji moto na magadi kiduchu, glavu mkononi, nikasuuza na maji ya mvua niliyokuwa nayo kwenye pipa. Pameteleza kidogo bado. Bekingi soda naiacha ya kusugulia sinki na ndani ya friji. Madirisha: siki na maji nusu kwa nusu kwenye kitambaa, halafu gazeti kavu, vumbi lilikuwa la rangi ya matofali. Chupa ya kupulizia nimeitoa. Mende natafuta namna, naanza na kuziba nyufa na kufunika taka usiku.

#66 Fundi Vigae
Sitriki usirudie kila wiki, grauti yako ni changa.

#67 Fundi Bomba
Ikirudi baada ya miezi miwili ujue ni maji.

#68 Fundi Vigae
Isiporudi ujue ni nani?

#69 Tajiri Mtarajiwa
Nimetengeneza lita 5 bila formalini. Natafuta wa kujaribu, bure.

#70 Binti Kondoa
Lete Kondoa, tutajaribia kwenye pikipiki ya shemeji kwanza.

#71 Mpika Mlenda
Mama wa Sabasaba, madodoki unayo? Nimechoka na stilwaya, zinakwaruza sufuria niliyoing'arisha na ukwaju.

#72 Mama wa Sabasaba
Ninayo makavu na mbegu pia, panda karibu na uzio litambae. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, nipo upande wa wauza viungo.